Karani na Maneno ya Pembeni

Siku ile mahakamani Iringa tulikuwapo watu kumi na watatu, nao ni hawa. Majaji watatu wa rufani, wawili wanaume na mmoja mwanamke. Msaidizi wao, kijana mwenye tai iliyolegea. Wakili wa serikali, dada mrefu aliyekuwa na mafua na kila mara akiinama chini ya meza kupenga. Mrufani, na askari magereza wawili waliomleta. Mama yake mrufani. Shangazi yetu Sekela, niliyesafiri naye kutoka Mbeya. Festo, mdogo wangu anayenifuata. Mimi. Na kwenye benchi la mwisho, karibu na mlango, Karani wetu wa zamani, sasa mstaafu, amevaa sweta la kijivu lililofungwa vifungo vyote, mfuko wa kitambaa umelala magotini.

Aliyekosekana ni mmoja tu, naye ndiye mwenye jambo. Mdogo wetu wa mwisho, wa kike, alikuwa shuleni, kidato cha tatu, na hakujua kwamba asubuhi ile watu kumi na watatu wamekaa kumzungumzia. Jina lake silitaji. Hata majaji walilificha, wakaandika herufi mbili.

Jina la Karani nalo naliacha. Sikuwahi kumsikia mtu akilitumia. Mkewe alimwita Karani, mchungaji alimwita Karani, na watoto wa mtaa walipomwamkia walisema, "Shikamoo Karani," kama vile ndilo jina alilobatizwa.

Tulikuwa majirani kwenye mji mmoja wa barabarani, ambao pia sitautaja kwa ajili ya mdogo wangu. Huko ndiko wazazi wetu walikofia, baba kwanza, mama baadaye kidogo, mimi nikiwa kidato cha pili. Niliacha shule muhula uleule nikaingia kwenye kibanda cha pancha kilichokuwa cha baba. Watu walileta magari kwa huruma kwanza, halafu wakaacha, kwa sababu huruma haizibi tairi. Karani alileta baiskeli. Hakusema pole. Alisema, "Ukimaliza utaniambia tundu lilikuwa wapi," akakaa kwenye gogo akasubiri. Nilipomaliza nikamwonyesha. Akalitazama kwa muda mrefu, akasema, "Sawa. Hapo nimeridhika." Kila alipopata pancha alitaka aonyeshwe tundu. Hakupenda kuambiwa tu kwamba kitu kimetengenezwa.

Alikuwa mtu wa ukurasa safi. Mahakamani kwao kazi yake ilikuwa kuita mashahidi, kutunza majalada, na mchapaji alipokuwa hayupo, kuchapa mwenendo wa kesi kutoka kwenye mwandiko wa hakimu. Alinieleza siku moja, huku nakaza nati, kwamba mwandiko wa mahakimu ni kama njia ya mbuzi, na kwamba kazi ya mchapaji ni kuugeuza barabara. Alijisifia kwamba nakala zake hazikuwa na kufutwafutwa. Vijana aliowafundisha kazi aliwapa sheria moja kabla ya nyingine zote: kilichoandikwa pembeni ya karatasi hakichapwi. Mahakimu, alisema, huandika pembeni mambo yao wenyewe. Mmoja aliandika "nimeze dawa saa sita." Mwingine aliandika "shahidi huyu ana viatu vizuri." Kijana mmoja mgeni alichapa maneno ya viatu yakaenda mpaka Mahakama Kuu, na Karani alicheka habari hiyo kwa miaka mingi, akijipiga paja.

Nyumbani kwake, lakini, palikuwa vurugu tupu. Vikombe chini ya kitanda, mbegu za maharage kwenye soksi, redio ikiegemea sufuria. Alipiga pasi suruali yake kila asubuhi juu ya meza iliyojaa kila kitu, akisogeza vitu kwa kiwiko. Chai alikunywa bila sukari, na akishamaliza alilamba kijiko kimoja cha sukari peke yake. Nilimuuliza kwa nini asiichanganye kama watu. Akasema, "Nikichanganya sitajua kipi kilikuwa kitamu."

Kwenye kwaya ya Walutheri aliimba besi, na hakuipatia hata siku moja. Mwalimu wa kwaya alimweka mwisho wa mstari karibu na dirisha, akitumaini upepo utamsaidia. Hakuwahi kupokea soda kutoka kwa mtu mwenye kesi. Lakini kwangu alizibiwa pancha bure kwa miaka saba, na hakuona shida yoyote. Shangazi Sekela, ambaye ana ulimi, alimwambia mbele ya mkewe, "Karani, wewe una roho mbili, moja ya saa za kazi na nyingine ya kwenye kibanda cha huyu yatima." Karani akamjibu, "Ya kwenye kibanda ndiyo yangu, mama. Ile nyingine ni ya serikali."

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, nilipite haraka, kwa sababu si la kusimulia. Mdogo wangu alipokuwa na miaka kumi, mtu wa mtaa wetu alimdhuru kwa namna ambayo sheria ina jina lake. Mtu huyo alikamatwa. Kesi ikafunguliwa mahakama ya wilaya, palepale alipokuwa akifanya kazi Karani.

Kuanzia siku ile hadi hukumu, Karani hakukanyaga kibandani kwangu. Baiskeli ilipopata pancha aliisukuma mpaka kwa fundi mwingine, kilomita mbili. Nilikasirika sana. Nilidhani anatuona aibu. Baadaye nilielewa kwamba ilikuwa ile roho ya serikali.

Siku ya ushahidi tulikaa nje kwenye benchi, maana shahidi hasikii mwenzake. Karani alitoka kuita majina. Kwa watu wengine alisimama mlangoni akapaza sauti mara tatu, kama anayeita mbuzi waliopotea. Zamu ya mdogo wangu ilipofika hakupaza. Alishuka ngazi, akatembea mpaka kwenye benchi letu, akachuchumaa mbele yake, akasema polepole, "Mama, ni zamu yako. Hakimu ni mama kama mama wengine, anaongea taratibu. Twende." Akampa kidole kimoja, mdogo wangu akakishika, wakaingia. Mlango ukafungwa. Alichokisema mle ndani sikukisikia, na sikumuuliza kamwe.

Mtu yule alipewa kifungo cha maisha. Tulilia, na tukadhani imekwisha. Lakini maneno ya mtaani hayakwisha, watoto wakimwonyesha kidole akienda bombani. Nikauza vifaa vya kibanda, tukahamia Mbeya, Ilomba, kwa shangazi. Nikaanza upya na pampu moja na beseni moja. Mdogo wangu akaingia shule mpya ambako hakuna aliyejua chochote, na mimi nikamwambia hivi: "Kesi imekwisha. Usiiwaze tena." Alinitazama akasema, "Sawa, kaka." Ninayo sura yake ya siku ile mpaka leo.

Mwaka uliofuata simu ililia. Alikuwa Karani, ambaye sasa hakuwa tena na kesi yetu mezani na aliweza kuongea nami.

"Amekata rufaa," akasema.

"Rufaa ya nini? Si alifungwa?"

"Aliyefungwa ndiye anayekata, baba. Aliyeachiwa atakata ya nini?"

Nilipanda gari nikamfuata. Alinikuta nimesimama mlangoni kwake na sijui hata niulize nini. Akanichukua mpaka kwenye kibanda cha zamani, ambacho sasa kilikuwa cha kijana mwingine, akamwomba beseni la maji na tyubu mbovu. Akaitumbukiza.

"Gari likija kwako na pancha," akasema, "unamuuliza dereva alikuwa anaenda wapi, amebeba nani, anampenda mkewe?"

"Hapana."

"Unatafuta povu. Ndiyo rufaa. Majaji hawatamwona mdogo wako, hawatakuona wewe. Watachukua karatasi za kesi, watazitumbukiza kwenye maji ya sheria, watazungusha polepole. Panapotoka povu, hapo hapo."

Tangu hapo nilijua hofu yangu inafananaje. Kila siku nikizungusha tyubu ya mtu kwenye beseni, nilikuwa naangalia jambo letu.

Mahakama Kuu ilizungusha, na povu likatoka mara mbili. Karani alinisomea hukumu ile, kwa sababu kesi ilisemwa kwa Kiswahili, ikaandikwa kwa Kiingereza, na mimi niliyeishia kidato cha pili ikabidi nisomewe irudi Kiswahili. Povu la kwanza lilikuwa fomu ya polisi, ile PF3 ya daktari. Ilipokelewa mahakamani lakini hakuna aliyeisoma kwa sauti mshtakiwa akaisikia. Jaji akaiondoa. Ushahidi wa daktari mwenyewe, wa mdomo, ukabaki. La pili lilikuwa kifungo. Sheria inatoa maisha kwa mtoto aliye chini ya miaka kumi, na wetu alikuwa ameshatimiza kumi na miezi mitatu. Mimi mwenyewe ndiye niliyetaja umri huo kizimbani. Jaji akakishusha kifungo kikawa miaka thelathini.

"Miezi mitatu," nikasema. "Kwa hiyo angemfanyia mapema kidogo ndiyo ingekuwa mbaya zaidi?"

"Sikusema hivyo."

"Sheria ndiyo inasema hivyo."

Karani alivua miwani akaifuta kwa ncha ya tai. "Sheria inabidi ichore mstari mahali," akasema. "Popote utakapouchora, kuna mtoto atakuwa upande wa pili." Halafu akaongeza, kwa sauti ya chini, "Hatia imebaki. Hilo ndilo la kushika. Imebaki juu ya maneno ya mdogo wako. Jaji ameandika kwamba ushahidi bora wa kosa kama hili ni wa mtoto mwenyewe, na kwamba amemwamini."

Nilirudi Ilomba nikiwa nimechoka mwili wote, na sikumwambia mdogo wangu kitu. Alikuwa anapika. Akauliza nimetoka wapi. Nikasema kufuata tairi.

Kuna jambo ambalo bado linanitatiza kuhusu Karani, na siwezi kuliacha nje. Alistaafu akarudi kwao upande wa Ilula kulima nyanya. Nilipoenda kumsalimia mara ya kwanza, nilimkuta na mgeni sebuleni. Ni mama yake mrufani. Miguuni kwake kuna mfuko wa unga, na Karani ameinua karatasi karibu na pua, anamsomea. Mama yule aliponiona alisimama akajifunga kitenge vizuri, akapita pembeni yangu bila neno. Karani akamkimbiza na ule unga mpaka njiani, akamrudishia.

"Unamsaidia," nikamwambia aliporudi.

"Namsomea."

"Ni kitu kilekile."

"Si kitu kilekile. Wewe nilipokusomea hukumu, ulishinda kwa sababu yangu? Yule mama hajui kusoma. Mwanawe ana haki ya kwenda mpaka Mahakama ya Rufani, na wewe una haki ya kunichukia. Yote mawili yapo."

"Basi natumia ya kwangu."

"Itumie ukiwa umekaa. Kuna viazi."

Nikala viazi vyake nikiwa namchukia. Hivyo ndivyo alivyokuwa, huwezi kumgombeza mpaka mwisho. Lakini nilipoondoka aliniita nirudi, uso wake ukiwa umebadilika rangi.

"Amekata tena," akasema. "Kule juu hawaangalii tena nani alisema kweli, wanaangalia sheria tu. Ameweka sababu nne. Tatu kati ya hizo si kitu. Moja, ile aliyoiandika ya tatu, ni mbaya."

Gerezani wafungwa wanafundishana, na mrufani alikuwa amepata mwalimu mzuri. Sababu yenyewe ilikuwa hii. Mtoto mdogo haapishwi kama mtu mzima, lakini kabla hajasema neno lolote lazima aahidi kusema kweli, na ahadi hiyo lazima iandikwe. Mrufani alisema kwenye mwenendo wa kesi hakuna ahadi. Karani akanionyesha nakala. Kulikuwa na jina, umri, dini, halafu moja kwa moja maneno ya ushahidi. Ahadi haipo.

"Isipopatikana?"

"Maneno yake yanaondolewa. PF3 ilishaondoka. Hakuna kitakachobaki chini ya hatia. Wanaweza kumwachia leo hiihii, au waamuru kesi isikilizwe upya."

"Upya maana yake nini?"

"Maana yake mdogo wako anarudi kizimbani."

Nilikaa chini kwenye udongo wake mwekundu. "Karani, wewe ulikuwa ndani. Aliahidi au hakuahidi?"

"Aliahidi. Nilimsikia kwa masikio haya."

"Basi waambie!"

"Majaji hawaniulizi mimi. Wanaiuliza karatasi."

Tuliishi hivyo kwa miaka miwili. Aliyesema maneno yale mle ndani alikuwa analala chumba cha pili, ananifulia ovaroli, ananikumbusha kununua mkaa, na nisingeweza kumuuliza bila kumwambia kwamba kesi haijaisha. Nikamnunulia viatu vya shule. Nikamwambia asome.

Karani alifika mahakamani Iringa siku zote nne za rufaa ile. Siku ya kwanza mrufani hakuletwa. Ya pili kulipungua nakala. Ya tatu ndiyo ya watu kumi na watatu. Ya nne ilikuwa ya hukumu. Kila mara aliacha nyanya zake zikiwa zinadai palizi au dawa, akapanda gari alfajiri. Nilipotaka kumrudishia nauli alinikemea. Kwao, alisema, mtu akikupa siku yake unamrudishia siku, unakwenda kulima naye. "Unanidai siku nne za jembe," akaniambia kimakosa, halafu akajisahihisha huku anacheka, "yaani mimi ndiye ninayekudai."

Siku ya tatu, kabla majaji hawajaingia, nilimwona kwenye korido amemsimamisha yule wakili wa serikali mwenye mafua.

"Mwanangu," alimwambia, "usibishane nao kwa nakala ya kuchapwa. Waombe wafungue jalada la mkono, la hakimu mwenyewe. Ushahidi wa mtoto, ukurasa wa kwanza, pembeni kushoto. Kuna mshale."

Wakili alimtazama kuanzia viatu. "Wewe ni nani, mzee?"

"Karani mstaafu."

"Wa mahakama ile?"

"Ile ile."

Dada yule akataka kuuliza jingine, akapiga chafya badala yake, akaingia.

Mle ndani mambo yalikwenda taratibu mno, kama watu wanaopanga vyombo kabatini. Mrufani alisimama akasema anategemea sababu zake zote. Alikuwa amekonda. Jaji wa katikati akamuuliza wakili, ahadi ya mtoto iko wapi? Wakili akasema kwenye kitabu cha rufaa haionekani, lakini anaomba mahakama iangalie mwandiko wa hakimu. Jalada likaletwa, la zamani, limefungwa kwa kamba nyeupe. Majaji wakainamiana. Kurasa zikageuzwa. Festo alikuwa ameshika mkono wangu, mtu mzima na ndevu zake. Kisha jaji mwanamke akasogeza jalada karibu na dirisha, akaligeuza upande, kwa sababu maneno yalipanda kufuata ukingo wa karatasi. Akasema, "Hapa kuna maneno ya Kiswahili, na mshale, na saini ndogo ya hakimu." Akayasoma kwa sauti.

"Naahidi nitasema kweli. Sitasema uongo, kaka yangu hapendi mtu muongo."

Mama yake mrufani aliinamisha kichwa. Nami nilihisi kama mtu amenishika bega kutoka nyuma. Nilikuwa nje kwenye benchi siku ile, mlango umefungwa, na yeye mle ndani, na miguu isiyofika chini, akanitaja mimi.

Siku ya nne walisema hatia imesimama na miaka thelathini imesimama, kwa sababu ahadi ilikuwapo na ilikosekana tu kwenye nakala. Shangazi Sekela alipiga kigelegele ngazini, askari akamwambia mama hapa si harusini, naye akamjibu, "Kwetu ni zaidi." Karani hakushangilia. Alinipa mkono, akasema nyanya zinamngoja, akaenda zake stendi.

Baada ya mwezi mmoja nilikwenda kulipa siku zangu. Nilimkuta amezeeka ghafla. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, akimtambua mtu kwa sauti.

"Kamwene," nikamwamkia kwa lugha yao.

"Kamwene. Hiyo sauti ya pampu naijua. Umeleta jembe au umeleta mdomo?"

"Vyote."

Nikalima siku ya kwanza. Nikalima ya pili. Yeye alinifuata kwenye matuta akipapasa mashina kwa vidole, akiniambia wapi nimeacha magugu, na mara nyingi alikuwa sahihi. Siku ya tatu mchana tulikaa kula. Mkewe aliweka ugali na mboga za maboga akatuacha. Na hapo nilimuuliza swali ambalo nilitakiwa kumuuliza mapema, ila shukrani ilinizuia.

"Karani, ulijuaje kwamba iko pembeni kushoto?"

Akamaliza tonge lake. Akanawa mikono, akaifuta, kidole kimoja kimoja.

"Kwa sababu mimi ndiye niliyeiacha," akasema. "Mchapaji alikuwa likizo. Nikachapa mwenyewe. Niliyaona maneno yale, Kiswahili, pembeni, karatasi yote ni Kiingereza. Nikasema ni yale mambo ya mahakimu. Cha pembeni hakichapwi. Sikuyasoma hata mpaka mwisho. Hakimu yule alikuwa ameshahamishwa, aliyekuja akagonga muhuri nakala yangu kwa kuiamini. Wote waliiamini, ilikuwa safi."

"Ulijua lini?"

"Siku ile ya viazi. Niliposoma sababu ya tatu, niliuona mshale ule kama uko mezani."

"Miaka miwili."

"Miaka miwili."

"Tumelala miaka miwili hivyo, na wewe unajua tundu lilipo?"

"Karatasi zangu za kustaafu zilikuwa hazijakamilika. Nilijiambia nikisema, wataniuliza na mengine niliyoyachapa miaka thelathini. Na mimi nikajiuliza. Ni pembeni ngapi nimeziacha? Ni za nani?" Macho yake yenye ukungu yalikuwa yamenielekea kidogo pembeni ya bega. "Karatasi zilipotoka niliogopa tu. Sina sababu nyingine ya kukupa. Halafu nikaona nisipokuja Iringa nitakufa nayo."

Nilisimama. Sikumbuki yote niliyomwambia. Nakumbuka nilimwambia kwamba mdogo wangu alikishika kidole chake kwa kumwamini na yeye akamwacha pembeni. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, mikono juu ya magoti. Kisha akauliza, bila hasira kabisa, "Na yeye anajua kwamba kulikuwa na rufaa?"

Nikalishika jembe.

"Nauliza tu. Kwa sababu nilimsikia akisema kaka yake ni mtu wa namna gani."

Niliegemeza jembe kwenye ukuta nikaondoka, jua likiwa bado juu. Mkewe aliniita kutoka jikoni, "Baba, mbona mapema?" Nikampungia mkono tu.

Ni mwaka sasa. Mdogo wangu yuko shule ya bweni wilaya ya Kilolo, mbele ya Ilula, na kila siku ya kuwatembelea wanafunzi gari linapita Ilula. Wanawake wanainua ndoo za nyanya madirishani. Mimi natazama upande wa pili wa barabara. Nasikia macho ya Karani yamekwisha kabisa, na kwamba anapomsikia mtu akifungua lango anauliza kama amekuja na jembe.

Safari iliyopita mdogo wangu alinisindikiza mpaka getini, mrefu kuliko mimi, vitabu kifuani. Akaniambia, "Kaka, unaonekana mtu aliyebeba kitu." Nikasema ni uchovu wa barabara. Akanitazama kama alivyonitazama siku ile Ilomba, akasema, "Sawa, kaka."

Nimebakiza siku moja ya jembe Ilula. Kila nikipanga kwenda kuimaliza naona siwezi kulifungua lile lango kabla sijafungua mdomo kwa mdogo wangu, na gari hupita kote kuwili, la kwenda na la kurudi, kabla sijasema neno.